Nani Atafungua Mlango? Mnyama Msaidizi, Mpangaji na Mwenye Nyumba



Katika somo letu lililopita la uraia tulisoma mkataba wa upangaji, nami nikawaagiza mtafute jambo moja ambalo mikataba mingi hulisahau. Wengi wenu mliandika kuhusu taka, choo cha pamoja na bili ya umeme. Mmoja wenu aliandika swali badala ya jibu: mpangaji akichukuliwa hospitalini usiku, aliyebaki chumbani atatunzwa na nani? Bila shaka alikuwa akimfikiria mtoto. Mimi nilimkumbuka mbwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanga chumba katika safu ya vyumba sita hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama wa makamo aliyepitia vita akiwa msichana. Alikuwa na mbwa jike mwenye rangi ya udongo. Usiku mama huyo alipoanza kulia ndotoni, mbwa alimwamsha kwa kumgusa mkono kwa pua. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Mama aliniambia kwamba kabla ya kumpata mbwa huyo alikuwa akilala huku taa inawaka na meza imeegemezwa mlangoni.

Usiku mmoja alishikwa na homa kali. Alipakiwa kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mpwa wake, akapelekwa hospitalini. Mlango ulifungwa kwa kufuli, ufunguo ukaenda na mpwa. Mbwa alibaki ndani.

Asubuhi tulimsikia akikwaruza mlango. Mchana alibweka. Kufikia jioni sauti ilikuwa imepungua, tukamwita mwenye nyumba. Alikuja kwa baiskeli, akasimama mbele ya lile kufuli kwa muda mrefu. Tulizungumza Kiacholi, hapa ninatafsiri.

"Mwalimu, nikivunja kufuli hili, kesho nikadaiwa redio iliyopotea, utanisimamia?"

"Nitakusimamia, Mzee. Lakini mbwa hana maji."

"Na akiniuma?"

Sikuwa na jibu la swali hilo la pili. Mzee alirudi kwake akasema tumsubiri mpwa. Siku iliyofuata niliamka, nikaoga, nikaenda shuleni kufundisha ngeli za nomino, nikijiambia njia nzima kwamba mbwa yule si wangu. Mpwa alirejea jioni. Mbwa alikuwa hai, lakini hakuweza kusimama. Daktari wa mifugo alikuja akamwekea dripu. Gharama tulichanga wapangaji wote, na mwenye nyumba akatoa kiasi kikubwa kuliko mtu yeyote kati yetu.

Naomba usimhukumu haraka mzee yule. Hakuwa mkatili, wala hakuwa bahili, kama ulivyoona. Alikosa mahali palipoandikwa afanye nini, na penye kosa hilo sisi sote tulijificha: yeye nyuma ya kufuli, mimi nyuma ya ngeli za nomino. Maoni yangu ya leo yanatokana na jioni ile. Mwenye nyumba halazimiki kumtibu mnyama wa mpangaji wake, lakini analazimika kujua mapema atampigia nani simu na ana idhini ya kufungua mlango gani. Na iwapo mnyama huyo ni msaidizi wa mtu mwenye ulemavu au majeraha ya nafsi, ujuzi huo unapaswa kuandikwa kwa uangalifu zaidi kuliko wa mnyama mwingine yeyote, si kwa uangalifu mdogo zaidi.

Watu wa Gulu hatuhitaji kuelezwa kwamba mbwa anaweza kumponya mtu. Mji wetu una mradi unaowaunganisha manusura wa vita na mbwa wa faraja. Mwanzilishi wake, Francis Okello Oloya, alipoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka 12 baada ya kulipukiwa na bomu lililoachwa ardhini. Hata hivyo, faraja ni jambo moja na mkataba wa nyumba ni jambo jingine. Nilipotaka kujua jamii nyingine zimeliandikaje jambo hili, nilisoma kanuni za makazi za Marekani, kwa kuwa huko mabishano kati ya wapangaji wenye wanyama wasaidizi na wenye nyumba yamekuwa mengi, na majibu yake yamewekwa katika maandishi. Nilitarajia kupata jibu la kufuli. Nilipata jibu, na ndani yake nikakuta tundu.

Tuanze na msingi. Mnamo mwaka 1929 Dorothy Harrison Eustis na Morris Frank, kijana asiyeona, walianzisha shule ya mbwa wa kuwaongoza wasioona iitwayo The Seeing Eye. Mbwa wa Frank aliitwa Buddy, na wawili hao walizunguka nchi wakiomba milango ifunguliwe: ya magari moshi, ya hoteli, ya migahawa. Mlango wa nyumba ya kupanga ulichukua muda mrefu zaidi. Sheria ya Makazi ya Haki ya mwaka 1968 ilipiga marufuku ubaguzi wa rangi, dini na asili ya mtu katika upangaji; watu wenye ulemavu waliongezwa katika marekebisho ya mwaka 1988. Tangu hapo mwenye nyumba aliyeandika "hakuna wanyama" katika mkataba wake hupaswa kulegeza sharti hilo kwa mpangaji ambaye ulemavu wake unamfanya amhitaji mnyama. Isipokuwa, kwa mfano, mwenye jengo dogo lisilozidi kaya nne ambaye yeye mwenyewe anaishi humo: sheria hiyo haimbani katika jambo hili.

Hapa neno moja lina uzito mkubwa, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha nitaliwekea alama. Kiswahili kinatupa neno "mfugo": ng'ombe ni mfugo, mbuzi ni mfugo, na mbwa wa nyumbani naye hufugwa. Sheria ya makazi ya Marekani inamtenga mnyama msaidizi na mnyama wa kufugwa kwa mapenzi ya mwenyewe. Msaidizi anahesabiwa karibu kama fimbo ya asiyeona au kiti cha magurudumu. Kwa sababu hiyo mwenye nyumba haruhusiwi kumtoza mpangaji ada ya mnyama wala amana ya mnyama, ijapokuwa anaweza kumdai fidia ya mlango uliotafunwa. Masharti ya mifugo hayamhusu mnyama huyo. Mpaka hapo ninaikubali sheria hiyo na kuipongeza. Kwa nini mtu alipie ada macho yake?

Sasa turudi kwenye dharura. Fikiria mpangaji wa huko ameanguka jikoni na gari la wagonjwa limefika. Sheria nyingine, ile ya mwaka 1990 inayowalinda watu wenye ulemavu katika huduma za umma, imefafanuliwa hatua kwa hatua. Mbwa aliyefundishwa kazi huruhusiwa kupanda gari la wagonjwa iwapo nafasi ipo na hawazuii wahudumu. Ikikosekana, wahudumu wanatarajiwa kumtafutia njia nyingine ya kufika hospitalini. Akifika huko, na mgonjwa asipoweza kumhudumia, mgonjwa hupewa kwanza nafasi ya kumwita ndugu au rafiki. Asipopatikana mtu, hospitali inaweza kumpeleka mbwa katika nyumba ya kulelea wanyama mpaka mgonjwa aruhusiwe kutoka. Angalia jinsi kila swali lilivyotangulia kuulizwa na mtu fulani aliyekaa mezani akiwaza.

Lakini sheria hiyo ya mwaka 1990 inamtambua mbwa aliyefundishwa kufanya kazi mahususi. Mnyama anayefariji tu kwa kuwapo kwake, kama mbwa wa jirani yangu, hana haki hiyo ya kuingia hospitalini, ingawa sheria ya makazi inamtambua nyumbani. Kwa hiyo ndiye atakayeachwa. Ndiye atakayekuwa nyuma ya kufuli.

Je, nyumbani kanuni zinasemaje? Serikali ya Marekani ina kanuni za wanyama katika nyumba za kupanga inazozisaidia kwa fedha, zile walizotengewa wazee na watu wenye ulemavu. Msingi wake ni sheria ya mwaka 1983 iliyowaruhusu wapangaji hao kufuga. Mpangaji anapomsajili mnyama hutakiwa kutaja jina la mtu mmoja au zaidi atakayemchukua endapo mwenyewe atafariki au kushindwa. Dharura ikitokea, msimamizi wa nyumba humpigia simu mtu huyo. Akikataa au asipopatikana, msimamizi anaweza kuiomba mamlaka ya eneo imwondoe mnyama. Pasipokuwa na mamlaka yenye uwezo huo, na iwapo kifungu hicho kimeandikwa katika mkataba, msimamizi anaweza kuingia chumbani, kumchukua mnyama na kumpeleka mahali pa kutunziwa kwa muda usiozidi siku 30. Gharama ni ya mpangaji. Akishindwa kulipa, inaweza kukatwa katika amana ya mnyama.

Niliposoma vifungu hivyo nilimwona mzee wangu wa baiskeli akipumua. Swali lake la redio limejibiwa: mkataba umempa idhini. Swali lake la kuumwa limejibiwa nusu, maana mtu aliyetajwa jina ni mtu ambaye mbwa anamjua.

Kisha nikarudi mwanzoni mwa kanuni zilezile, nikakuta sentensi niliyokuwa nimeipita: kanuni hizi haziwahusu wanyama wanaowasaidia watu wenye ulemavu.

Soma tena sentensi hiyo. Nia yake ni njema. Inataka kumwondolea mtu mwenye ulemavu usumbufu wa usajili na amana. Lakini kwa kufuta mzigo imefuta na kinga. Paka anayefugwa na bibi kwa upweke ana jina la mtu wa kumchukua, ana siku 30 na ana amana ya kulipia chakula. Mbwa anayemwongoza asiyeona katika jengo hilohilo hana usajili huo, na amana haipo kwa kuwa ilikatazwa, na ni haki ikatazwe. Siku mwenyewe atakapozimia, msimamizi atasimama mlangoni kama alivyosimama mzee wa Gulu. Mnyama aliyeinuliwa daraja kwa jina la "msaidizi" ameachwa bila kile alichopewa aliyebaki kuwa mfugo.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao si nyepesi. Watasema: ukimruhusu mwenye nyumba aulize "nani atamchukua mbwa wako ukiugua", umemfungulia mlango wa kuuliza "unaugua nini", kisha "kwa nini ufe katika nyumba yangu". Watu wenye ulemavu wamenyimwa vyumba kwa maswali yaliyovaa nguo za huruma. Watasema pia kwamba hakuna anayemuuliza mwenye kiti cha magurudumu nani atakitunza kiti chake akilazwa. Hoja ya kwanza ninaipokea kwa mikono miwili na nitairudia hapa chini. Ya pili siipokei. Kiti cha magurudumu hakisikii kiu. Mfano wa fimbo na kiti ulitusaidia kuingia mlangoni, lakini hauwezi kutusaidia siku ambayo kilichobaki ndani kina moyo unaodunda.

Basi nashikilia hivi. Swali la dharura liulizwe kwa wapangaji wote, wenye wanyama na wasio nao, katika karatasi moja: ukipatwa na jambo, tumpigie nani, na je, kuna mtu au mnyama atakayebaki ndani? Mpangaji awe huru kujibu au kuacha wazi, na chumba asinyimwe kwa sababu ya nafasi iliyoachwa wazi. Pasiwe na mahali pa kuandika ugonjwa. Karatasi itolewe baada ya mkataba kutiwa saini, si kabla, ili isigeuke chujio. Mpangaji akipenda, aandike kwa mkono wake idhini ya kufunguliwa mlango mbele ya shahidi, jina la daktari wa mnyama na kiasi cha fedha anachokubali kitumike kabla hajapatikana. Hilo la fedha si dogo: zahanati nyingi za wanyama huko Marekani hutaka malipo au ahadi ya malipo kabla ya tiba, na daktari husita kumtibu mnyama bila ridhaa ya mwenyewe.

Kuna dharura ya upande wa pili pia: mpangaji ni mzima, mnyama ndiye ameanguka. Waraka wa Wizara ya Makazi na Maendeleo ya Miji ya Marekani wa Januari 2020 ulieleza kwamba kumlisha mnyama msaidizi, kumtunza, kumpatia matibabu na kumdhibiti ni wajibu wa mpangaji, akifanya mwenyewe au akisaidiwa na ndugu, marafiki, watu wa kujitolea au watoa huduma. Nakubaliana na waraka huo neno kwa neno. Sitaki mwenye nyumba abebeshwe bili ya daktari wa wanyama. Akibebeshwa, atawakimbia wapangaji hao kimyakimya, na sheria haitamkamata.

Ila soma orodha ile ya wasaidizi, kisha ujiulize watapitia wapi. Ni saa nane usiku. Mbwa mwongozaji wa mpangaji asiyeona amevimba tumbo, hawezi kutembea. Labrado mzima ana uzito wa kilo 30 hivi. Lango limefungwa, mlinzi ameagizwa asiruhusu mgeni baada ya saa nne, na gari haliruhusiwi kuingia uani. Katika usiku huo mpangaji amepoteza vitu viwili kwa pamoja: mwenzake na macho yake. Rafiki aliyekuja kusaidia anaambiwa arudi asubuhi. Hapo mwenye nyumba haombwi fedha. Anaombwa sentensi moja kwa mlinzi: kwa dharura ya mnyama msaidizi, fungua lango. Mwenye nyumba anayeikataa sentensi hiyo kwa kisingizio kwamba si yeye anayelipa daktari, amechanganya bili na lango, na sidhani kwamba ni bahati mbaya.

Nimeulizwa na mwenzangu wa chumba cha walimu kwa nini nawachosha wanafunzi wa Gulu kwa kanuni za Marekani. Nilimjibu kwamba sisi huku bado tunaandika. Uganda ilipata Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji mwaka 2022, mwaka uleule Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mikataba mingi ya vyumba ingali makubaliano ya mdomo na risiti moja ya kodi. Anayeandika baada ya mwenzake ana nafasi ya kuliona tundu kabla hajashona nguo. (Mwenzangu aliniuliza pia kama mbwa wanastahili mkataba katika nchi ambayo watu wengi hawana. Swali hilo alilistahili jibu refu, lakini kengele ililia. Kwa kifupi: karatasi ninayoitaka inamtaja mtoto kabla ya mbwa.)

Jirani yangu alipona, akaishi pale mwaka mmoja zaidi. Kabla hajahama alichonga ufunguo wa pili. Mwenye nyumba alitaka akabidhiwe yeye. Mama alikataa kwa upole, akampa mwanamke wa chumba cha tano, ambaye mbwa alikuwa amezoea kula mkononi mwake. Mzee alinung'unika siku mbili, kisha akachukua daftari lake la kodi na kuandika, kwenye ukurasa wa mama yule, "ufunguo: chumba 5". Nililiona daftari hilo siku nilipokwenda kulipa. Kwenye kurasa zetu wengine hapakuwa na kitu.

Kazi ya wiki ijayo: andika kifungu cha mkataba wa upangaji, kisichozidi maneno 80, kuhusu mnyama msaidizi wakati wa dharura. Taja nani ataitwa, nani atafungua, na nani atalipa. Usitumie neno "mfugo" hata mara moja, na usimuulize mpangaji anaumwa nini. Tutavisoma kwa sauti siku ya Alhamisi, nami nitacheza nafasi ya mwenye nyumba asiyetaka kufungua.